Kibao Chini ya Birika

Jumatatu, tarehe 3

Daktari wa zahanati ya mtaani kaniagiza niandike kila ninachokula ili, kwa maneno yake, tumjue adui. Mke wangu kanipa daftari lake la vipimo vya nguo ambalo nusu yake haijatumika. Haya, naandika. Asubuhi chai na mkate. Mchana wali na maharage. Jioni kiporo cha mchana. Adui bado hajajitokeza.

Panapouma ni upande wa kulia, chini kidogo ya kitovu. Si tumbo zima. Ni mahali padogo ninapoweza kupafunika kwa kidole gumba, na pakianza ni kama mtu ananitia patasi halafu anaigeuza taratibu. Daktari anasema minyoo. Mimi, mtu mzima mwenye mvi na karakana yangu, minyoo! Mke wangu alicheka mpaka akasimamisha cherehani.

Mvua za msimu zimeanza wiki iliyopita. Leo umeme ulikatika tena kabla ya saa nne.

Jumanne, tarehe 4

Nimemeza dawa ya minyoo. Chai, mkate, wali, mboga. Mvua. Umeme hakuna.

Alhamisi, tarehe 6

Kuandika chakula kitupu kunachosha. Atakayesoma atasinzia kabla ya mimi kupona. Niandike na kazi.

Tangu mvua zianze tuna kazi ya madawati ya shule mpya. Mwalimu mkuu hataki misumari, anasema inachana sare za watoto. Anataka vigingi, mti kwa mti, kwa hiyo kila dawati lina matundu kama chujio. Umeme ukiwepo natoboa kwa mashine huku napiga mluzi. Umeme usipokuwepo, na mvua ikinyesha umeme wetu nao huenda kujikinga, nachukua keke ya marehemu baba. Ni chombo cha kizamani: ncha inaingia ubaoni, mkono unazungusha mpini wa katikati, na kichwa chake cha mti unakiegemea kwa uzito wa mwili. Kazi ya jasho, lakini tundu linatoka safi kuliko la mashine.

Mshirika wangu haiwezi keke, bega lake bovu. Yeye anapasua mbao na kupiga randa. Tunamwita Gundi kwa sababu akikaa kwenye maongezi habanduki. Leo kaniona nimejishika tumbo.

"Fundi, vipi, mtoto anacheza?"

Nikamtupia kipande cha msasa. Alikidaka, akapigia kazi.

Jumapili, tarehe 9

Mama, ambaye anaishi nasi, ameamua kwamba ubaya wote ni maji. Mvua zikianza, anasema, maji yanachafuka na matumbo yanaharibika. Sasa hapa nyumbani hakuna anayekunywa tone lisilochemshwa. Birika linapanda na kushuka jikoni kutwa, na likishuka linawekwa juu ya kibao chake cha siku zote: kibao kizee, kimechimbika katikati, chenye vitundu viwili upande mmoja. Birika halijawahi kutulia juu yake. Leo limeyumba likanimwagia maji ya moto gotini.

"Mama, kesho nitakutengenezea kingine. Hiki nakitia motoni."

"Hicho cha baba yako. Kiache."

"Watu watanicheka. Nyumba ya seremala, birika linacheza ngoma!"

"Liache licheze, mwanangu. Kunywa maji yako."

Nikanywa. Tumbo liliuma vilevile, na goti likaongeza.

Jumatano, tarehe 12

Kumbe si minyoo. Kipimo cha damu kinasema nina homa ya matumbo "kidogo." Nikamwuliza daktari homa ya matumbo kidogo ni ipi, na mbona mwili wangu hauna joto. Akasema imejificha. Nimepewa vidonge vya mafungu matatu na amri ya kulala nyumbani. Gundi kasema nisiwe na wasiwasi, madawati yatanisubiri, hayana miguu ya kukimbilia. Nikamwambia yana minne kila moja.

Ijumaa, tarehe 14

Nimelala. Uji, supu. Mvua juu ya bati. Panauma kidogo tu.

Jumanne, tarehe 18

Hakuna maumivu! Nimebonyeza, nimekohoa, nimeinama kufunga kamba za viatu, tumbo kimya. Namwomba radhi daktari wa zahanati kwa yote niliyomsema mgongoni. Alisema tumjue adui na kweli kamjua. Mke wangu kaimba asubuhi nzima akishona. Mama naye anadai ni maji ya kuchemsha. Wagawane sifa, mimi nimepona.

Ijumaa, tarehe 21

Nimerudi karakana. Umeme upo. Nimepiga msasa na kupaka vanishi. Nimekula kama fisi.

Jumatatu, tarehe 24

Mvua kubwa tangu alfajiri, umeme hakuna. Nimetoboa madawati kwa keke mpaka jioni kufidia siku nilizolala.

Jumanne, tarehe 25

Yamerudi.

Alhamisi, tarehe 27

Leo nimepigwa picha ya tumbo. Unalala kwenye kitanda, unapakwa uteute wa baridi, kijana anakupitishia kitu kama pasi ndogo huku anatazama kioo. Nikawa namtazama yeye usoni. Seremala huujua ubao mbovu kwa uso wa mteja kabla hajasema neno. Huyu uso wake haukusema kitu. Ini zuri, figo nzuri, nyongo nzuri. "Mzee, tumbo lako safi kabisa." Nikamwuliza kama safi hivyo, mbona linauma? Akanipa karatasi ya kufutia uteute.

Unajisikia vibaya kwa namna ya ajabu ukiambiwa mzima. Nilitoka pale nimeinama, nimeshika majibu mazuri mkononi, na mlinzi wa getini akanipa pole.

Jumapili, tarehe 30

Mvua haikupumzika. Sina kazi leo, kwa hiyo nina nafasi ya kuogopa, na niandike ninachokiogopa.

Baba alikufa kwa tumbo. Ndilo neno pekee nililopewa. Nilikuwa chuo cha ufundi, nikaitwa, nilipofika walikuwa wanatoka makaburini. Nikamwuliza mama, akasema, "Tumbo, mwanangu." Sikuuliza tena na yeye hakuongeza. Nilirithi keke, jiriwa na patasi zake, nikashika kazi yake nikifuata nilichomwona akifanya. Mwaka huu nimefika umri aliokufa nao.

Sijamwambia mtu. Mke wangu nikimwambia, cherehani itasimama na haitaendelea. Mama akiniona nimejishika tumbo hugeuka, anaenda kuweka birika jikoni, na mimi naona anakimbia neno. Nadhani anajua ni nini na anaogopa kulitaja.

Jumatano, tarehe 2, mwezi mpya

Sasa ni vidonda vya tumbo. Huyu ni daktari wa pili, wa hospitali ya binafsi yenye samaki kwenye kioo pale mapokezi. Kasema dalili zote zipo. Dalili gani? Tumbo kuuma. Nimekatazwa maharage, chai ya rangi, limau, na hasira. Hayo matatu ya kwanza nitajitahidi.

Jumanne, tarehe 8

Nimemezeshwa mpira wenye kamera. Sitaandika zaidi ya hapo, mtu asije akasoma anakula. Hakuna kidonda hata kimoja.

Daktari wa samaki alikunja mikono juu ya meza, akashusha sauti. "Baba, vipimo vyote safi. Kuna nyakati mwili unasema yale moyo unayoyaficha. Huna mawazo?"

Nikamwambia mawazo ninayo. Nawaza tumbo.

Ijumaa, tarehe 11

Leo nimegombana na mke wangu, ugomvi wa kweli, mpaka mama akatoka kwenda kukaa kibarazani kwenye manyunyu.

Lilianza dogo. Nimerudi kutoka karakana, nimetoboa siku nzima, siwezi kunyooka. Akasema, "Labda daktari ana hoja. Labda ni mawazo tu. Ukipumzika unapona, ukienda kazini yanarudi. Huoni? Kazi inakuchosha akili."

Nikawaka. Nikamwambia sikujua nimeoa daktari. Nikamwambia kama nasingizia basi aje ashike mwenyewe, hapa, kwa kidole chake. Nikamwambia na mengine ambayo leo nayaonea aibu, kwamba anasubiri nife ndipo aamini. Akakaa kwenye cherehani akakanyaga bila kitambaa, sindano inapanda na kushuka patupu.

Baadaye nilimfuata. Alikuwa analia kimya kimya. Nikauliza, "Sasa unalia nini, wakati mimi ndiye ninayeumwa?" Maana mimi hata kuomba radhi najua kwa njia moja tu, ya kugomba.

Akafuta uso kwa kipande cha bitana. "Nilitaka yawe mawazo. Mawazo hayaui. Unafikiri sijui ulivyompoteza baba yako? Mwaka mzima huu nakuhesabia umri, halafu unaniona mimi sikuamini."

Nilikuwa nalificha na yeye alikuwa analificha, tumelala kitanda kimoja kila mtu na hofu ileile. Nilimshika mkono. Nampenda huyu mwanamke na nilimtendea vibaya, na nimemwambia hivyo.

Mama aliporudi kutoka kibarazani alikuta tunakunywa maji ya kuchemsha. Akasema, "Afadhali."

Jumatatu, tarehe 14

Mke wangu amechukua usukani. Mficha maradhi kifo humuumbua, anasema, na yeye hatarajii kuumbuliwa. Jumatano ananipeleka hospitali kubwa mwenyewe.

Jumatano, tarehe 16

Daktari wa upasuaji ni mtu mrefu, mtaratibu, ana mikono mikubwa ya fundi. Nilimpenda papo hapo. Nilimpa hili daftari la chakula, akalifunua kidogo, akatabasamu, akalirudisha. Alinibonyeza mahali pale mara tatu na mara tatu nikaguna.

"Upande wa kulia, chini, sehemu moja, maumivu yanakuja na kuondoka," akasema. "Nashuku kidole tumbo. Kuna watu kinawasumbua polepole hivi, na picha haikioni. Ushauri wangu tufungue, tukitoe, na tukiwa humo tutazame na mengine."

"Mengine yapi?" mke wangu akauliza.

"Chochote kitakachokuwepo, mama. Sitaki kuwatisha. Ni kwamba sijui, na njia niliyobakiza ya kujua ni kutazama."

Operesheni Jumatano ijayo. Nilisema ndiyo. Kwa nje nilikuwa mwanamume. Ndani roho ilikuwa juu, maana hayo "mengine" nilijua ni yapi: ni lile tumbo la baba. Watafungua na kulikuta limekaa linanisubiri.

Alhamisi, tarehe 17

Gundi kaniambia nisishike chochote mpaka nitoke hospitali. Kaenda kwa mwalimu mkuu kuomba tuongezewe muda. Hakuniambia kama anaenda, nimesikia kwa dereva anayetuletea mbao. Mimi nilikuwa naona mzaha wake mwingi ni kutojali. Nilikosea.

Jumamosi, tarehe 19

Nimekaa. Hapaumi sana. Mke wangu kaniuliza kama basi tughairi. Nikasema tumeshadanganywa hivi mara moja.

Jumatatu, tarehe 21

Nilitaka kumwuliza mama habari za baba kabla sijaenda. Nilikaa naye mezani, birika katikati yetu likiyumba juu ya kile kibao. Nikafungua mdomo, nikamwuliza kama sukari ipo.

Jumanne, tarehe 22

Naandika wodini kwa kalamu ya jirani wa kitanda, na nisipoandika sasa nitapasuka, jambo ambalo lingempunguzia kazi daktari.

Nililazwa mchana. Nikavalishwa gauni la hospitali lenye uwazi mgongoni, ambalo mke wangu kalitazama kwa jicho la fundi cherehani akasema aliyelishona hakuwa na haya. Kabla ya jioni akaja daktari wa usingizi, yaani yule atakayenilaza kesho. Mwanamke mfupi, mwavuli unachuruzika mkononi, viatu vimelowa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza moyo na mapafu na kuuliza kama nina meno ya bandia. Akamaliza yote. Akawa anaondoka. Halafu akageuka.

"Baba, hebu nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma."

Nikaonyesha. Nikamnyooshea na daftari. "Kila nilichokula kimo humu."

"Liweke tu hapo. Lala chali."

Akaweka kidole chake palepale. Nikaguna.

"Sasa nitaendelea kubonyeza hivihivi. Wewe nyanyua kichwa na mabega, kama unataka kuona vidole vyako vya miguu. Usijisaidie kwa mikono."

Nikanyanyua. Yalaa! Nilipiga ukelele mpaka jirani wa kitanda cha pili akakaa. Mke wangu akanishika bega. Daktari akatoa kidole, na nilipomtazama uso wake niliona kitu ambacho sikukiona kwa yule kijana wa picha. Uso wake ulikuwa umefurahi.

"Uchungu umepungua au umezidi ulipojikaza?"

"Umezidi, mama. Nusura nikutukane."

"Sikiliza. Kama ubaya ungekuwa ndani, huko kwenye utumbo, ukijikaza misuli inakuwa ngao. Kidole changu kisingefika, maumivu yangepungua. Yako yamezidi. Nadhani wewe huumwi ndani ya nyumba. Unaumwa ukutani."

Akaeleza polepole, mara mbili, kwa kuwa mke wangu alimrudisha nyuma. Kuna mishipa midogo ya fahamu inayopenya kwenye msuli wa tumbo. Mmoja ukibanwa unapopenyea, unauma hivi, mahali padogo padogo, na hakuna picha wala damu itakayouonyesha. Kinachouonyesha ni kidole.

"Umebanwa na nini?" nikauliza.

"Wengine hatujui kamwe. Unafanya kazi gani?"

"Seremala."

"Unabeba mizigo kwa tumbo? Unaegemea meza?"

"Hapana. Napima, nakata, natoboa."

"Unatoboaje? Nionyeshe."

Nikashuka kitandani, mke wangu akinishikia gauni nyuma. Nikaomba mwavuli. Nikaweka ncha kwenye ubao wa kitanda kama ndio dawati, mkono wa kulia ukashika katikati kuzungusha, nikajiegemeza kama ninavyojiegemeza siku zote, kama baba. Mpini wa mwavuli ukaja wenyewe, bila mimi kuutafuta, ukatua chini ya kitovu upande wa kulia. Palepale. Nikaruka kama nimeguswa na waya.

Wote watatu tukautazama ule mpini.

"Na kazi hii unaifanya kila siku?" daktari akauliza.

"Hapana. Umeme ukikatika tu."

"Na umeme unakatika lini?"

"Mvua ikinyesha," mke wangu akasema, na akakaa chini kitandani kwa kishindo.

Aliitwa yule daktari mrefu. Alikuja na koti lake la kazi, akasikiliza, akanibonyeza, akaniambia ninyanyue kichwa, nikapiga ukelele wa pili. Angeweza kununa, mtu mkubwa kama yeye. Alisema, "Nimekubonyeza mara tatu na sikukwambia unyanyue kichwa hata mara moja." Halafu akamgeukia mwenzake. "Mchome ganzi tuone."

Daktari wa usingizi alitafuta mahali penyewe kwa kidole, akachoma sindano ndefu kuliko nilivyopenda. Akaniambia nihesabu mbao za dari. Hazikuwepo mbao, ni simenti tupu, nikahesabu nyufa. Kabla sijamaliza nyufa, patasi ikatoka. Siwezi kulisema kwa njia nyingine. Mtu aliyekuwa ameishika msimu mzima aliichomoa akaenda zake.

Nikanyanyua kichwa. Nikanyanyua tena. Nikakaa bila mikono, nikalala, nikakaa. Jirani wa kitanda alidhani nimerukwa na akili. Nililia mbele ya watu na sikujali.

Operesheni imefutwa. Ganzi itaisha, wamenionya, na huenda nikarudi kuchomwa tena, mara mbili au tatu, mpaka mshipa utulie. Na keke nisiishike kwa namna ile. Hayo nayaweza.

Jumatano, tarehe 23

Leo ndiyo ningepasuliwa. Nimekula mkate nusu na chai ya rangi. Mvua inanyesha.

Gundi kaja kunitazama, kasikiliza hadithi yote ya mwavuli, kacheka mpaka bega lake bovu likamuuma. "Ndipo waliposema kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Halafu akageuka dirishani akapiga chafya za uongo, na mimi nikajifanya sikuona macho yake.

Ijumaa, tarehe 25

Ganzi iliisha jana, panauma robo ya zamani. Nimechomwa tena leo.

Jumapili, tarehe 27

Nimemwuliza mama.

Alikuwa anamimina maji. Nikasema bila kuzunguka, nisije nikaishia kwenye sukari tena: "Mama, baba alikufa kwa nini?"

Akaweka birika chini. "Ini," akasema. "Macho yalikuwa ya manjano, tumbo limejaa maji. Alikaa hivyo muda mrefu. Alinikataza nikwambie, akisema utaacha chuo. Alipokwisha kufa nikakosa nguvu ya kueleza, nikasema tumbo. Wewe hukuuliza tena, nikadhani umeshaambiwa na wakubwa."

"Hakuumwa hapa?" Nikaonyesha.

"Hapo? Hapo hakuumwa hata siku moja."

"Mbona na yeye alitoboa kwa keke, tena maisha yote? Nilimwona kwa macho yangu, mama. Kichwa cha keke kilikaa hapa."

Mama akanitazama kama ananipima homa. "Wewe unatoboa na tumbo tupu?"

"Na aproni."

"Na kibao?"

"Kibao gani?"

Akanyanyua birika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakisukuma kile kibao mbele yangu, kina duara ya maji ya moto juu yake.

"Cha kuvaa," akasema. "Alikifunga kwa mshipi shingoni, chini ya aproni, kila alipotoboa. Mimi ndiye niliyekuwa nambadilishia mshipi ukikatika. Nilijua umechonga chako. Karakana sijafika, ningejuaje?"

Mke wangu, aliyekuwa kwenye cherehani, aliinuka akaja kusimama nyuma yangu.

Nilikichukua. Mimi ni seremala, nina mvi, nimekaa na kitu hiki mezani miaka chungu nzima, nimetaka kukichoma moto. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kibao cha birika kiwe na vitundu viwili vya kamba, wala kwa nini kiwe na shimo katikati ambalo hakuna birika duniani lingetulia juu yake. Nilitia kidole kwenye shimo. Si la kuchonga. Limechimbwa na kichwa cha keke, likizunguka palepale, kazi ya mtu mmoja maisha yake yote. Upande wa nyuma ni laini kabisa, umeng'aa kwa kusuguliwa na tumbo la baba.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilihitaji kuambiwa.

"Alikipenda sana," mama akasema. "Nilipohamia hapa nilikichukua nisikipoteze. Nikakiweka mahali ambapo nitakishika kila siku."

Jumanne, tarehe 29

Mke wangu kanishonea mshipi wa turubai, mishono mitatu mitatu. Kaupima shingoni mwangu mara nyingi kuliko haja, na mimi nikakaa kimya nipimwe.

Jumatatu, tarehe 5, mwezi wa tatu wa mvua

Daktari wa usingizi kaniruhusu kujaribu, kidogo, na kibao kikiwa mahali pake. Sijachomwa tangu wiki iliyopita.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Umeme hakuna. Gundi aliweka hata randa chini, akasimama kando na mikono kifuani kama anayesubiri mtoto azaliwe. Nikavaa kibao, nikavaa aproni juu yake. Nikaweka ncha ubaoni. Kichwa cha keke kilitafuta kidogo, kikaingia kwenye shimo la baba, kikatulia. Nikaegemea. Nikazungusha.

Tundu moja. Nikasimama, nikangoja. Gundi naye akangoja.

"Vipi, fundi?"

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni lakini ulinikwama. Nikamwambia kweli. "Hapaumi."

Tukatoboa dawati zima. Nilipofika nyumbani mama alikuwa mezani, birika juu ya kibao kipya nilichomchongea jana, kipana, kimenyooka kama kioo. Analigusa gusa kwa kidole, hajaridhika.

"Halichezi," akalalamika.

Nikavua aproni. Nikamvulia na kibao, nikampa akishike.